Somo: Kutoa doa la maka peni kwenye nguo ya pamba

Habari zenu wanakikundi. Msimu wa mahafali ukifika, sisi madobi tunaletewa mashati meupe yaliyojaa sahihi za marafiki, na mzazi anataka shati lile lile mdogo mtu alivae Januari. Maofisa nao hapa Dodoma wanatoka semina na wino kwenye mkono wa shati. Mengi yanapona, ila naumia sana shati likija limeshapigwa pasi, maana joto limeukaza wino kwenye nyuzi.

Wino wa maka peni ya kudumu umeyeyushwa kwa alkoholi, ndiyo maana maji na sabuni peke yake haviutikisi. Utahitaji spiriti ya duka la dawa, ya asilimia 70 na kuendelea. Sanitaiza inafaa kama ina alkoholi isiyopungua asilimia 60. Kalamu za rangi za watoto, zile za maji, zisikusumbue: maji baridi na sabuni vinatosha.

1. Nguo iwe kavu. Ukiilowesha kwanza, maji yanaipunguza nguvu spiriti.

2. Jaribu kwenye pindo la ndani. Pakaa tone, gandamiza kitambaa cheupe. Rangi ya nguo ikihamia kwenye kitambaa, ishia hapo.

3. Igeuze nguo ndani nje, doa liangalie chini, juu ya taulo jeupe la zamani lililokunjwa. Wino utoke kwa njia ulioingilia, usipitishwe nguo nzima.

4. Lowesha pamba kwa spiriti, gandamiza nyuma ya doa ukianzia pembeni kwenda katikati. Usisugue, tafadhali, kusugua ndiko kunakotanua doa. Hatua hii ndiyo yenye kazi yote, usiiharakishe. Doa jeusi litaanza kutoa zambarau na bluu pembeni. Usiogope, ni rangi zilizochanganywa kupata ule weusi zinaachana. Chungulia taulo: likishapokea wino, sogeza sehemu safi, la sivyo unaurudisha ulikotoka. Upepo wetu mkavu unakausha spiriti kabla haijafanya kazi, kwa hiyo kaa ndani, dirisha wazi, na ongeza kidogo kidogo. Jiko la mkaa, gesi na kiberiti viwe mbali kabisa. Spiriti inashika moto upesi.

5. Wino ukiacha kutoka, suuza kwa maji baridi, paka sabuni ya mche, acha nusu saa, kisha fua. Wenye visima vya maji ya chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na inaacha utando. Suuzeni kwa maji ya mvua kama mmeyakinga.

6. Anika kivulini, kisha kagua. Kivuli cha wino kikibaki, rudia kuanzia hatua ya tatu. Pasi baadaye.

MASWALI

Mwanakikundi, Nkuhungu: Shikamoo mama. Mimi nimeshamwagia jiki, doa bado lipo. Niongeze spiriti?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usiongeze! Jiki na spiriti havikutani, vinazaa kemikali zenye sumu. Siki nayo usiichanganye na jiki. Suuza nguo kwa maji mengi mpaka harufu iishe, ikauke, ndipo uanze hatua ya kwanza.

Mwanakikundi, Kondoa: Huku spiriti imeadimika. Pombe kali ya dukani je?

Jibu: Nyingi zina alkoholi ya asilimia 40 hivi, kinachobaki karibu chote ni maji. Itatanua doa kuliko kulitoa. Bora utafute sanitaiza.

Mwanakikundi, Majengo: Dada, kitenge changu kimechuja nilipojaribu kwenye pindo.

Jibu: Pole mdogo wangu. Usikitie spiriti, utapata baka jeupe baya kuliko doa. Fua kwa sabuni ya mche, kinachobaki mpe fundi akufunikie kwa mfuko au ua la kitambaa.

Mwalimu, Kongwa: Shati langu la pamba tupu limeshapigwa pasi. Nilitupe?

Jibu: Usilitupe, mwalimu. Fuata hatua zote, rudia siku mbili tatu. Spiriti ikishindwa, jaribu asetoni ya kufutia rangi ya kucha, isiyo na rangi wala mafuta, kwa namna ile ile, na vifungo viwe mbali kwa sababu vya plastiki vinaweza kuyeyuka. Sikuahidi weupe wa mwanzo. Doa linaweza kufifia tu, na kama liko chini ya mkanda shati litavalika.