Pimeni maji ya pumba kabla ya kununua mashine ya briketi (kuni za pumba zilizoshindiliwa)

Naandika kwa vikundi vya wakulima wa miti vya Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete vinavyopanga kuanzisha mradi wa nishati kwa mabaki ya mbao. Faida za mradi mnazijua, na soko pia mnalijua, hasa tangu Serikali ilipoagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Sitarudia hayo. Nataka tuzungumzie kosa moja linalomaliza fedha za vikundi: watu wanatazama lundo la pumba, yaani unga wa mbao, pembeni ya mashine ya kupasulia mbao, wanalikadiria kwa macho, wanakopa, wananunua mashine ya briketi, halafu mashine inapowashwa ndipo wanapojua kwamba zaidi ya nusu ya lile lundo ni maji.

Pumba za msonobari uliopasuliwa mbichi huwa na unyevu wa asilimia 50 hadi 60 ya uzito wake. Mashine ya briketi ya parafujo, ile inayoshindilia pumba kwa skrubu kubwa ndani ya bomba, inataka malighafi yenye unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Chukueni kilo 1,000 za pumba zenye unyevu wa asilimia 55. Mti mkavu uliomo ni kilo 450 tu. Zikikaushwa hadi asilimia 12 zinabaki kilo 511 hivi. Kilo 489 zilizopotea ni maji, nanyi mmeyalipia kuyapakia, kuyasafirisha na kuyashusha.

Muuzaji anapowaambia mashine inatoa kilo 200 kwa saa, anazungumzia malighafi kavu. Kwa saa 8 za kazi hizo ni kilo 1,600 za briketi. Ili kuzipata mnahitaji kilo 3,130 hivi za pumba mbichi, kila siku. Hapo bado hamjahesabu moto wa kukaushia. Kikaushio cha kawaida hutumia takriban megajuli 4 kutoa kilo moja ya maji, kwa hiyo kuondoa maji ya siku moja kunataka kuchoma karibu kilo 380 za mabaki makavu. Kikundi kilichoandika kwenye andiko la mradi "tani 2 za pumba kwa siku zinatosha" kimeshaingia kwenye hasara kabla ya kupata mkopo.

Sasa kupima, na hapa naomba tuwe makini maana ndipo uvivu unapoingia. Msichote pumba za juu ya lundo. Tabaka la juu limepigwa jua na upepo, litawadanganya. Chimbeni sehemu zisizopungua 10, kina cha sentimita 30 hadi mita moja, na kila sehemu mchote kiasi kilekile. Changanyeni zote kwenye turubai safi, muugawe mchanganyiko mafungu manne, mtupe mawili yanayotazamana, mchanganye tena yaliyobaki. Rudieni mpaka ibaki kilo moja hivi. Tieni kwenye mfuko wa nailoni, toeni hewa, mfunge kwa nguvu na mpime siku hiyohiyo. Sampuli iliyosafiri siku mbili ndani ya kiroba kwenye pikipiki haina maana tena, itupeni mkachote nyingine.

Pimeni gramu 300 kwa mizani inayosoma gramu moja, mkitoa kwanza uzito wa sinia. Wekeni kwenye oveni yenye nyuzi joto 105 za Selsiasi. Isiwe 150 kwa sababu mna haraka: joto likizidi, utomvu na mvuke mwingine wa mti huondoka pamoja na maji na hesabu inaharibika. Acheni saa 16, pimeni, rudisheni saa moja, pimeni tena. Uzito ukipungua kwa chini ya gramu moja, mmemaliza. Maabara ya chuo chenye oveni ya kukaushia inaweza kuwafanyia kazi hii. Oveni ya mwokaji mikate inafaa pia mkiweka kipimajoto ndani badala ya kuamini namba za kwenye kitasa.

Mfano: gramu 300 zimekuwa 138. Maji ni gramu 162. Gawanyeni 162 kwa 300, mnapata asilimia 54. Msigawanye kwa 138. Mafundi wa mbao hugawanya kwa uzito mkavu, nao kwa kazi yao wako sahihi, ila mkiingiza namba yao kwenye hesabu ya nishati mtapotea. Kwa sababu hiyohiyo acheni kile kipimaunyevu cha pini mbili kinachochomekwa kwenye mbao. Kinasoma kwa kipimo cha mafundi, hakiaminiki unyevu ukishapita asilimia 30, na hakikutengenezwa kupima pumba. Kuna vikundi vinakichomeka kwenye lundo, kinaonyesha 28, wanaandika 28. Msifanye hivyo.

Muda wa kupima ni muhimu kama kipimo chenyewe. Wengi wanapima Septemba, jua kali, barabara kavu, kila kitu kinapendeza. Pimeni Machi, mvua ikiwa imekolea, kisha mpime tena Julai wakati wa ukungu na baridi, na mara ya tatu Septemba. Mradi upangwe kwa namba ya Machi. Usipoweza kulipa mkopo kwa namba ya Machi, punguza ukubwa wa mashine.

Wengine wananijibu kwamba wataanika juani. Sawa, tupige hesabu ya uwanja. Jazeni ndoo ya lita 20 bila kushindilia na mpime. Tuseme ni kilo 6, yaani kilo 300 kwa mita ya ujazo. Kilo 3,130 za siku moja ni zaidi kidogo ya mita 10 za ujazo. Zikianikwa kwa unene wa sentimita 5, ambao ndio mwisho, zinataka mita za mraba zipatazo 210. Kama zinakauka kwa siku 3, mnahitaji uwanja wa mita za mraba 630, wa saruji au turubai, na watu wa kugeuza kila baada ya saa mbili. Msianike kwenye udongo kamwe. Mchanga unakula parafujo na kuongeza majivu. Na kuanzia Desemba hadi Aprili uwanja huo haufanyi kazi, kwa hiyo lazima muwe na kikaushio cha moto, au ghala la malighafi iliyokaushwa mapema, au muikubali miezi hiyo kuwa ya kusimama na kuiandika hivyo kwenye bajeti.

Msijilinganishe na viwanda vyenye boila kubwa. Kampuni ya miti ya TANWAT pale Njombe imekuwa ikizalisha umeme kwa mabaki ya miti tangu miaka ya 1990, lakini tanuru la boila linaweza kujengwa lipokee mabaki mabichi. Mashine ya briketi haiwezi. Ukiilisha pumba mbichi, briketi inatoka na nyufa za kukata mviringo, mvuke unapuliza kutoka kwenye bomba, na vipande vinaruka kwa mlio kama wa risasi. Mwendeshaji asisimame mbele ya mdomo wa bomba.

Kuhusu upatikanaji: dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, zinahama kufuata miti, kwa hiyo lundo la leo mwakani litakuwa kilomita 40 mbali. Andikeni mkataba na wenye mashine zisizohama. Pumba za bure hupata bei mara tu gari lenu linapoonekana, na wafuga kuku na wachoma matofali wanazitaka pia. Mabaki ya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, yasiingie kabisa: dawa ile ina aseniki, nayo haiunguzwi jikoni kwa mtu.

Umeme wa njia tatu uulizieni TANESCO kabla ya kujenga banda. Briketi nzuri ni ngumu, haina nyufa, na inazama kwenye maji.

Waliokwisha kununua mashine na wamekwama: acheni pumba mbichi kwa sasa, nendeni kwenye karakana za useremala mchukue maranda ya mbao zilizokaushwa, myasage na kuyachekecha kwa wavu wa milimita 6, kisha mpime unyevu kama nilivyoeleza. Msijaribu kuokoa pumba mbichi kwa kuzichanganya na kavu. Kilo 100 zenye asilimia 55 mkizichanganya na kilo 300 zenye asilimia 10 mnapata mchanganyiko wa asilimia 21, na mashine itaukataa vilevile.