Laptopu ya gemu na ya masomo kwa mfuko mdogo, Kampala: anza na grafiki, kisha kagua chaja

Mpwa wangu alinipigia saa tatu usiku: "Mjomba, laptopu inakwama." Tulikuwa tumeinunua asubuhi ile ile. Dukani gemu ilikimbia kama maji, lakini usiku huo hosteli hata Word ilikuwa inafunguka kwa kusuasua. Nilipoteza usiku mbili kabla ya kuujua ugonjwa, na ndiyo maana hatua ya 4 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote. Nyingine nimezifupisha kwa sababu hazijawahi kunitesa.

Hatua ya 1: Pesa na gemu

Andika gemu unazotaka kwa majina. "Gemu zote" si jibu. Mpwa wangu alikuwa na shilingi za Uganda milioni 1 na laki 8, akataka GTA V, mpira wa EA, kazi za chuo na AutoCAD, programu ya michoro ya uhandisi. Nilitenga laki 2 za chaja na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), tukaenda dukani na milioni 1 na laki 6. Muuzaji hana haja ya kujua kwamba hizo laki 2 zipo.

Kwa pesa ya namna hii mimi sinunui mpya. Mpya ya bei hiyo inang'aa, ina stika na waranti, lakini ndani ni prosesa ya kuandikia barua. Mtumba ulioshikwa vizuri unaishinda.

Hatua ya 2: Grafiki

Grafiki, au GPU, ni chipu inayochora picha za gemu. Hapa ndipo pesa iende. Kwa mfuko huu natafuta GTX 1650 ya NVIDIA, ambayo ilitoka kwenye laptopu mwaka 2019 ikiwa na GB 4 za kumbukumbu zake yenyewe. Ikikosekana, GTX 1050 Ti, au 1050 ya kawaida ila ile ya GB 4, maana kuna ya GB 2 yenye jina lile lile na wauzaji huzichanganya. Zile za MX, kama MX150 na MX250, sizikatai kwa FIFA za zamani, lakini usilipe bei ya gemu kwa sababu ya herufi mbili hizo.

Njia nyingine ambayo vijana hawaipendi kwa sababu haina taa nyekundu: laptopu za wahandisi kama ThinkPad za P, Dell Precision na HP ZBook. Nyingi zina Quadro ndani, grafiki ya NVIDIA ya kazi, zinacheza gemu vizuri tu, na AutoCAD ndiyo kazi zilizoundiwa. Mimi ningechukua hiyo. Mpwa wangu alitaka kibodi inayowaka, basi tukaenda na kibodi inayowaka.

Prosesa ni kizazi cha 8 cha Intel kwenda juu. Sababu si kasi tu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia karibu yote kwenye kizazi cha 8. Soma namba: i5-8300H ni kizazi cha 8. Herufi ya mwisho nayo isome. H ni ya nguvu, U ni ya kubana umeme.

Hatua ya 3: Dukani

Tulizunguka majengo ya maduka kuanzia William Street kupanda Kampala Road. Nenda asubuhi, wauzaji wakiwa bado na subira. Duka la pili kijana alituambia, "Boss, hii grafiki GB 8." Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, nikaingia sehemu ya utendaji (Performance), nikabofya GPU. Mstari wa Dedicated ulisoma MB 128. Hizo GB 8 zilikuwa kwenye mstari wa Shared, yaani za kuazima kwenye RAM. Nikamwonyesha kwa kidole, akacheka, akafunga kifuniko. Angalia mstari wa Dedicated peke yake, na uone GPU mbili kwenye orodha: ya Intel na ya NVIDIA.

Beba flashi yenye programu za GPU-Z na CrystalDiskInfo. Ya kwanza inatambua kadi nyingi za NVIDIA zilizobandikwa jina la uongo, ya pili inakuambia afya ya SSD, yaani diski. Kwa betri, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uliobaki. Ikiwa chini ya nusu, punguza bei.

Zima, washa, ingia BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikiomba nenosiri, ondoka. Nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni ya nje, na wengine hawakuziondolea kufuli zao kabla ya kuziuza. Ukiweza, omba Windows iwekwe upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Ikitokea jina la kampuni na kukuomba barua pepe ya kazini, hiyo bado ina mwenyewe. Muuzaji atalalamika kwamba inachukua saa nzima. Keti.

Hatua ya 4: Chaja

Sasa tufike kwenye ule usiku.

Dukani laptopu ilijaribiwa na chaja kubwa iliyokuwa imechomekwa kaunta tangu asubuhi. Tulipolipa, kijana akatutolea nyingine kutoka kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) lililojaa chaja, akaichomeka, taa ikawaka, tukashukuru. Chaja ile ya kaunta ilibaki kaunta.

Hosteli, kila kitu kilikuwa kizito. Nikadhani ni draiva, nikaziweka upya. Nikadhani ni joto, nikafungua nyuma, nikasafisha feni na kubadilisha pesti ya kupoza prosesa. Nikaweka Windows upya, mara mbili. Usiku wa pili, kwa uchovu tu, nikaangalia kasi ya prosesa kwenye Task Manager: GHz 0.78. Prosesa hiyo kawaida yake ni 2.3, na ikichangamka inafika 4. Nikachomoa chaja ili nisogee karibu na dirisha, kasi ikaruka juu ya 3. Nikaichomeka, ikaanguka tena 0.78. Nikarudia mara tano kama mtoto anayechezea swichi.

Iko hivi. Chaja nyingi za Dell na HP zina pini nyembamba katikati ya kichwa. Pini hiyo haileti umeme wa kuendeshea laptopu. Inaiambia laptopu chaja ni ya nani, na kwa Dell inataja na wati. Laptopu isipopata jibu, inajihami: inashusha prosesa hadi chini kabisa, na mara nyingi inakataa kuchaji betri. Taa inawaka, alama ya chaja iko pale, lakini kompyuta inatambaa. Dell kwa kawaida hutoa onyo wakati wa kuwaka kwamba haikuitambua chaja. Kwenye yetu onyo lilikuwa limezimwa ndani ya BIOS, na ukilizima tatizo linabaki, ujumbe ndio unaopotea. Kwa hiyo kwa Dell ingia BIOS ukurasa wa betri au nishati, uone imeandika aina gani ya chaja. Ikiandika haijulikani, umepata jibu.

Usiishie kwenye pini. Chaja inaweza kutambulika na bado isitoshe. Geuza chaja, tafuta Output, zidisha volti kwa ampea. 19.5 kwa 3.34 ni wati 65, chaja ya ofisi. 19.5 kwa 6.67 ni wati 130. 19.5 kwa 9.23 ni wati 180. Laptopu yenye GTX kwa kawaida inaanzia wati 120 hivi, lakini tafuta modeli yako yenyewe, usiniamini mimi kwa jumla. Volti lazima zifanane. Ampea zikizidi si hatari, laptopu huchukua inachohitaji. Zikipungua ndipo shida.

Na karatasi ya nyuma nayo hudanganya. Chaja ya wati 130 ni nzito mkononi na waya wake ni mnene. Ukiiona nyepesi kama ya simu lakini imeandikwa 180, irudishe kwenye kaveera. Jaribio ninaloliamini: cheza gemu dakika 15 ukiwa umechomeka, usome asilimia za betri mwanzo na mwisho. Ikishuka moja au mbili, sawa, hata chaja halali nyingine hufanya hivyo mzigo ukiwa mkubwa. Ikishuka kumi, chaja ni ndogo.

Angalia pini yenyewe kwa tochi ya simu kabla ya kulaumu chaja, maana ikipinda au soketi ikilegea dalili ni zile zile. Tikisa waya taratibu huku ukitazama ile GHz. Chaja za USB-C za wati 65 ni nzuri kwa kazi za darasani, kwa gemu hazifai. Na kama chaja imetoka Marekani usiibadilishe. Ikiwa imeandikwa 100-240V inaukubali umeme wetu. Badilisha waya wa ukutani tu, upate wa plagi yetu ya pini tatu za mraba.

Tulirudi dukani kwa boda na ile laptopu. Sikugombana. Nikachomeka chaja yao mbele ya kijana, nikamwonyesha 0.78, nikachomeka ile ya kaunta, ikapanda. Akaitoa ya kaunta bila neno.

Hatua ya 5: RAM na SSD

GB 16, vipande viwili vya 8 na si kimoja cha 16. Vikiwa viwili vinafanya kazi sambamba, na kama unategemea grafiki ya ndani ya prosesa tofauti utaiona kwa macho. SSD ya GB 512. GTA V peke yake inakula karibu GB 100. Kufungua na kuweka ni bisibisi na dakika kumi.

Hatua ya 6: Umeme

Umeme ukikatika katikati ya mechi, au Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha, gemu itapungua kasi. Hiyo si hitilafu, laptopu hupunguza nguvu za grafiki ikiwa kwenye betri. Hifadhi mchezo, uchomoe plagi ukutani, na usiichomeke sekunde ile taa zinaporudi. Ngoja dakika chache utulie.

Hosteli chaja huhama vyumba, na inayorudi si lazima iwe iliyotoka. Mpwa wangu amebandika plasta nyeupe kwenye yake, kaandika kwa kalamu nene: W130, HAIAZIMWI.