Kurejesha picha zilizofutika kwenye memori kadi: tengeneza nakala kamili kwanza

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu ambaye picha zake zimefutika kwenye memori kadi, au ambaye kadi yake imeanza kudai ifomatiwe kila inapochomekwa, na pia kwa mafundi wenzangu ambao huletewa kadi za namna hiyo. Nimeuandika baada ya kumsaidia mpiga picha wa harusi wa Ujiji ambaye kadi yake ya GB 32 ilifomatiwa ndani ya kamera kabla picha hazijahamishwa, kisha ikapita kwenye kibanda kimoja ambako programu ya kurejesha ilielekezwa ihifadhi picha ilizozipata ndani ya kadi ileile. Hapa Kigoma picha nyingi za harusi, za mahafali na za safari ya boti kwenda Gombe huwa hazina nakala nyingine popote isipokuwa kwenye kadi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kujaribu kurejesha chochote, utengeneze nakala kamili ya kadi, uiweke kadi yenyewe pembeni, na majaribio yote uyafanyie kwenye nakala.

Ninazungumzia memori kadi na flashi tu. Picha zilizofutika kwenye hifadhi ya ndani ya simu za Android za sasa ni suala jingine, kwa sababu hifadhi hiyo imefichwa kwa ufunguo na simu yenyewe husafisha nafasi iliyoachwa wazi. Programu za simu zinazotangaza kwamba zitarudisha kila kitu kutoka humo kwa kawaida hukuonyesha vijipicha vidogo vilivyobaki kwenye hifadhi ya muda, kisha hukudai malipo. Vilevile, ikiwa simu iliitumia kadi kama sehemu ya hifadhi yake ya ndani, kadi hiyo imefichwa kwa ufunguo uliomo ndani ya simu ile, na haitasomeka kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Acha kuitumia kadi

Zima kamera au simu, toa kadi, usiirudishe. Picha inapofutwa kwenye mfumo wa FAT32 au exFAT, yaani mipangilio ya mafaili ambayo kadi nyingi hutumia, kinachobadilika ni kumbukumbu ya jina lake na ya mahali ilipokaa, huku data ya picha ikibaki ilipokuwa. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi kulifuta jina la mpangaji kwenye daftari lake ilhali mpangaji bado yumo ndani, na hatatoka mpaka mwingine ahamie. Kufomati kwa kawaida nako hufanya hivyohivyo kwa kadi nzima. Kamera kadhaa zina chaguo la ziada la kufomati kwa kina, na likishatumika hilo, usimpe mwenye kadi matumaini.

Kadi iliyoanguka majini, jambo la kawaida kwa wanaopiga picha Kibirizi na Katonga, ifutwe kwa kitambaa laini na iachwe ikauke kabisa kabla ya kuchomekwa popote.

Hatua ya 2: Angalia pipa la taka

Ikiwa kadi ilikuwa kwenye simu, fungua kwanza programu ya picha uangalie pipa lake la taka. Google Photos hutunza kwa siku 60 picha zilizokuwa zimepandishwa mtandaoni, na zisizopandishwa hutunzwa kwa siku 30 kwenye simu za Android 11 na kuendelea. Usidharau hatua hii, kwa sababu wapo wanaoletewa kompyuta na nyaya wakati picha zao zimo kwenye pipa zikisubiri kubofywa.

Hatua ya 3: Andaa vifaa

Utahitaji kompyuta mpakato, kisoma kadi kizuri, na diski ya nje yenye nafasi inayozidi mara mbili ya ukubwa wa kadi. Nasema kompyuta mpakato kwa makusudi, maana betri yake itakuvusha umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, haiwezi. Kuhusu visoma kadi, vile vidogo vya plastiki vinavyouzwa kwa bei ya chini kabisa hukatakata mawasiliano, na fundi akadhani kadi imekufa. Kabla ya kutangaza kifo cha kadi yoyote, ijaribu kwenye kisoma kingine.

Mimi hutumia mfumo endeshi wa Linux Mint badala ya Windows. Windows inapoiona kadi iliyoharibika hutoa ujumbe wa kukutaka uifomati, na mtu aliyechoka hubofya kukubali bila kusoma, au huruhusu diski ikarabatiwe, na ukarabati huo huandika juu ya kadi. Sipendi kabisa programu za kurejesha zilizovunjwa leseni ambazo huzunguka kwenye flashi za mafundi. Nyingi hubeba virusi, na kazi zinayoifanya hufanywa bure na PhotoRec ya Christophe Grenier, ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu.

Kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika:

sudo apt install gddrescue testdisk libimage-exiftool-perl f3

PhotoRec imo ndani ya kifurushi cha testdisk, na gddrescue ndiyo inayoleta amri ya ddrescue ya kunakili kadi. Jina la kwanza linaanza na herufi g. Kifurushi kinachoitwa ddrescue bila g ni programu nyingine, na amri nitakazozitoa hapa hazitafanya kazi nayo.

Hatua ya 4: Tengeneza nakala kamili ya kadi

Hapa ndipo kazi nzima hufaulu au kuharibika, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Nakala ninayoizungumzia si kule kuburuta mafaili kutoka folda moja kwenda nyingine. Ukiburuta, unapata mafaili yanayoonekana tu, na unachokitafuta ni yale yasiyoonekana. Tunataka kila sehemu ya kadi, iliyo wazi na iliyojaa, inakiliwe kama ilivyo ndani ya faili moja kubwa.

Anza na diski ya nje. Ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, nakala itakwama ikifika GB 4, kwa sababu mfumo huo hauwezi kubeba faili moja linalozidi kiasi hicho. Kosa hili linakula muda mrefu kwa kuwa nakala hukwama wakati diski bado ina nafasi tele. Tumia diski yenye exFAT, NTFS au ext4.

Pili, izuie kompyuta isiifungue kadi yenyewe inapochomekwa. Kwenye Mint, ingia katika mapendeleo ya programu ya mafaili, uondoe alama kwenye kipengele cha kufungua vifaa vinavyochomekwa. Mfumo unapoifungua kadi kwa kuandika na kusoma, huweza kuacha alama zake juu yake hata kama wewe hujagusa faili lolote. Ikiwa kadi ni microSD na unaichomeka kupitia adapta yenye kiswichi cha kufunga pembeni, kisukume upande wa kufunga, lakini usikitegemee peke yake, kwa sababu si kila kisoma kadi hukiheshimu.

Chomeka kadi, kisha andika:

lsblk

Utaona orodha ya diski zote na ukubwa wake. Kadi ya GB 32 huonekana kama 29 na kitu, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa maelfu na kompyuta huhesabu kwa 1024. Tuseme imejitokeza kama sdb. Usibahatishe herufi hiyo. Chomoa kadi, andika lsblk tena, uone ni kipi kilichotoweka, kisha uichomeke upya na uthibitishe. Baada ya hapo ifunge isiandikwe:

sudo blockdev --setro /dev/sdb

Ingia kwenye folda iliyoko katika diski ya nje, uanze kunakili:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb kadi.img kadi.map

Tazama mpangilio wa amri hii. Kinachosomwa kinatangulia, kinachoandikwa kinafuata, na faili la ramani linakuja mwisho. Tumeandika sdb bila namba, kwa kuwa tunataka kadi nzima na si sehemu yake moja tu. Ukikosea ukageuza mpangilio, ddrescue hugoma kuandika juu ya kifaa mpaka uiongezee -f, kwa hiyo ukiona inagoma, usiiongezee herufi hiyo kwa sababu tu umesoma mahali kwamba huondoa tatizo. Soma upya ulichoandika.

Kadi nzima isiyo na hitilafu, ikisomwa kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde, huchukua nusu saa hivi kwa GB 32. Kadi inayokufa inaweza kuchukua usiku kucha. Kasi ikishuka hadi karibu na sifuri, usichomoe. Programu hii huruka kwanza sehemu mbovu ili ichukue zile nzima wakati kadi bado ina uhai, na sehemu ngumu huziacha kwa baadaye. Ndiyo sababu naipenda kuliko amri ya dd ambayo watu wengi huifahamu, kwani dd ikikutana na hitilafu husimama, na kadi dhaifu huenda isikupe nafasi ya pili.

Sasa kuhusu lile faili la ramani. Ndani yake imeandikwa ni sehemu zipi zimeshachukuliwa na zipi bado. Umeme ukikatika hata betri ikaisha, au kisoma kadi kikipoteza mawasiliano, hujapoteza kitu: washa upya, hakikisha kwa lsblk kwamba kadi bado inaitwa sdb, kwa sababu baada ya kuchomekwa upya inaweza kuwa sdc, ifunge tena kwa blockdev, kisha rudia amri ileile na majina yaleyale ya mafaili. Itaendelea ilipoishia. Ukilisahau faili hilo mwishoni mwa amri, kazi itafanyika, lakini ikikatika utaanza mwanzo, na kadi iliyochoka haitakiwi kusomwa mara mbili bila sababu.

Awamu ya kwanza ikimalizika na bado kuna hitilafu, rudi kwenye sehemu mbovu:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb kadi.img kadi.map

Tarakimu 3 inaiambia ijaribu tena mara tatu. Kwa kadi ya yule mpiga picha, awamu ya kwanza iliishia juu ya asilimia 99, na sehemu ndogo iliyobaki ilikataa katakata. Nilimweleza, akaniambia, "Fundi, hata ukipata ya kufunga ndoa tu, nitashukuru." Kadi inayogoma namna hiyo usiilazimishe siku nzima. Itoe, itie kwenye kifuko, andika jina la mwenyewe juu yake, na usiiguse tena mpaka kazi iishe.

Hatua ya 5: Tafuta picha ndani ya nakala

Andika:

sudo photorec kadi.img

PhotoRec haitegemei majina ya mafaili. Hupita kwenye data ikitafuta alama za mwanzo za kila aina ya faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Chagua kadi nzima badala ya sehemu moja ikiwa ilifomatiwa. Kwenye orodha ya aina za mafaili, bonyeza s ili kuziondoa zote, kisha rudisha jpg kwa picha, mov kwa video, ambayo hujumuisha mp4, na tif ikiwa mpiga picha hutumia mafaili ghafi ya Canon au Nikon. Usipopunguza orodha, utazalisha maelfu ya vipande visivyo na maana. Kwenye aina ya mfumo chagua «Other», halafu «Whole», kisha elekeza matokeo kwenye diski ya nje.

Matokeo huwekwa kwenye folda zinazoitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea. Mafaili yanayoanza na herufi t ni vijipicha vilivyokuwa ndani ya picha kubwa, hivyo usishtuke ukimwona bibi harusi mara mbili, mara moja kwa ukubwa kamili na mara moja kama stempu. Video ndefu mara nyingine hutoka zikiwa zimekatika, kwa sababu ziligawanywa sehemu mbalimbali za kadi, na PhotoRec hufaulu zaidi kwa mafaili yaliyolala mfululizo.

Ikiwa kadi haikufomatiwa na ni picha chache tu zilizofutwa, jaribu kwanza TestDisk kwenye nakala hiyohiyo, kwani yenyewe huweza kukurudishia picha pamoja na majina yake.

Hatua ya 6: Zipange kwa tarehe

Majina ya awali yamepotea, lakini tarehe ya kupigwa imo ndani ya picha za kamera:

sudo exiftool -r '-FileName<DateTimeOriginal' -d '%Y-%m-%d_%H%M%S%%-c.%%e' recup_dir.*

Picha zilizopokelewa kwa WhatsApp hazina tarehe hiyo, kwa hiyo zitabaki na majina ya ajabu.

Hatua ya 7: Kabidhi, kisha ipime kadi

Mwenye kadi akae na wewe afungue picha moja baada ya nyingine kabla hujafuta nakala. Akisharidhika na amebeba zake kwenye diski yake, futa nakala kamili na folda zote za matokeo kwenye vifaa vyako, kwa sababu humo huwamo picha za familia ambazo hazikuhusu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili halikuachwa kwenye hiari ya fundi.

Mwisho, kadi yenyewe. Sasa unaweza kuifomati, halafu ipime kwa f3write na f3read, ukiielekeza kila amri kwenye mahali kadi ilipofunguliwa. Amri ya kwanza huijaza kadi, ya pili husoma na kulinganisha. Ikiripoti kwamba kuna data iliyopotea, ama kadi imechoka ama ni bandia, yaani imeandikwa ukubwa ambao haina. Kadi ya namna hiyo ivunje mbele ya mwenyewe, isije ikarudi sokoni.