Ulaya mwezi Novemba, peke yako: panga kwa kuangalia jua

Kama ndiyo safari yako ya kwanza ya Ulaya na unaenda peke yako mwishoni mwa Novemba, kabla ya kulinganisha nauli angalia jua linazama saa ngapi. Berlin ni kama saa kumi jioni. Stockholm, saa tisa alasiri giza limeshaanza kuingia. Lisbon unafika hadi saa kumi na moja na robo, na baridi yake inavumilika. Mimi mgeni ningemwanzishia kusini.

Chagua ndege inayotua asubuhi, hata kama inazidi bei kidogo. Kuburuta sanduku juu ya barabara ya mawe, gizani, manyunyu yanakupiga usoni na simu inakaribia kuzima, huku hujui hosteli iko upande gani, si mwanzo mzuri. Matembezi ya nje yafanye asubuhi, makumbusho yasubiri alasiri. Ujerumani Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi; ukisahau, jaribu stesheni kubwa za treni.

Koti usilinunulie huko. Soko la Gikomba (Nairobi) au Karume (Dar es Salaam) utapata zito la mtumba kwa bei ya kawaida (linarudi kwao tu!). Ila viatu visiwe vya kupitisha maji.

Viza ya Schengen (moja kwa nchi nyingi za Ulaya) unaweza kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15, na uwe na bima ya matibabu ya safari inayoweza kulipia gharama za kuanzia euro 30,000. Usingoje hizo 15, maana nafasi za miadi hujaa.