Namna ya kuifanya klabu yenu ya kujitolea ijulikane mtaani

Mimi ndiye ninayeshughulikia matangazo katika klabu yetu ya Lions, shirika la kimataifa la watu wanaojitolea, hapa Moshi. Wenzetu wa klabu nyingine huniuliza swali moja: tumepima macho, tumepanda miti, tumepeleka madaftari shuleni, mbona hakuna anayetujua? Jibu langu huwaudhi kidogo. Mnajitangaza wenyewe kwa wenyewe. Picha zinazunguka kwenye makundi yenu ya WhatsApp, mnapongezana, basi. Klabu hujulikana ikianza kusemwa na mtu ambaye si mwanachama. Kwa hiyo panga shughuli namna ambayo mwenyekiti wa mtaa, nesi, katekista na kijana wa bodaboda watakuwa na sababu ya kuisimulia.

Kabla ya yote, shughulikieni minong'ono. Usijifanye hujaisikia. Nembo ya Lions ina vichwa viwili vya simba vinavyotazama huku na huku, vikao vinafanyikia hotelini, mwenyekiti wa kikao anagonga kengele ndipo mambo yaanze. Mtu akiyaona hayo kwa mbali atasema hao ni Frimasoni, na wenzetu wa Rotary wanasemwa vivyo hivyo kwa sababu ya gurudumu la nembo yao. Kubishana hakusaidii. Walikeni padri, mchungaji na imamu kwenye kikao cha kawaida, si cha sherehe, wawaone mnavyovutana juu ya bei ya miwani ya kusomea. Historia waelezeni kwa ufupi: Melvin Jones, mtu wa biashara ya bima kule Chicago, ndiye mwanzilishi, mwaka 1917. Mwaka 1925 Helen Keller, mwandishi Mmarekani ambaye alikuwa haoni wala hasikii, aliwaomba Lions wawe watetezi wa wasioona, na tangu hapo macho yakawa kazi yetu kubwa. Siasa za vyama na mabishano ya madhehebu hayaruhusiwi kwenye vikao.

Halafu semeni habari ya fedha, na hapo msione haya. Kanuni ya Lions ni kwamba shilingi iliyochangwa na umma hairuhusiwi kuendesha klabu. Ada na chakula cha vikao tunalipa wenyewe, na akaunti ni mbili, moja ya uendeshaji na moja ya huduma. Hili la akaunti mbili mimi hulisema kila ninapopewa nafasi, maana watu wa huku ni wafanyabiashara, wanaelewa hesabu haraka kuliko hotuba. Nimeona mzee aliyekuwa amekunja uso akilegea aliposikia kwamba hata chai tunajinunulia.

Sasa shughuli yenyewe. Chagueni moja ambayo mtaitwa kwayo. Mkifanya kumi ndogondogo mtaambiwa "wale wanaogawa vitu". Sisi tuna kambi ya macho, yaani siku ya kupima watu macho bure kijijini. Mtoto wa jicho ndiye chanzo kikubwa cha upofu duniani na upasuaji wake huchukua muda mfupi, kwa hiyo bibi aliyeshikwa mkono kwenda kanisani mwezi huu, mwezi ujao anakwenda peke yake, na kijiji kizima kinamwona. Anzeni na barua kwa mganga mkuu wa wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji. Msiwaone kama watu wa kugonga mihuri tu. Mwenyekiti aliyeshirikishwa mapema ataitangaza kambi kama ya kwake, na mwacheni afanye hivyo.

Tangazo la kanisani na msikitini ndilo linaloleta watu wengi kuliko yote, na ndilo klabu nyingi huliandika vibaya. Wanaanza na salamu, jina la rais wa klabu, kaulimbiu, na msomaji anapofika kwenye tarehe watu wameshaanza kutafuta miavuli. Langu huwa fupi, kwa herufi kubwa ili mzee wa kanisa asihangaike:

"Upimaji wa macho bila malipo, Jumamosi hii, zahanati ya kijiji, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Waje wanaoona ukungu, wenye kisukari, na wote wenye miaka 40 na kuendelea. Atakayehitaji upasuaji atapewa tarehe hapo hapo. Njoo na mtu wa kukusindikiza. Imeandaliwa na zahanati pamoja na klabu ya Lions."

Jina letu linakuja mwisho. Watu hawaji kwa ajili yetu. Karatasi ifike usharikani au parokiani katikati ya wiki, matangazo yakiwa hayajachapwa, na msikitini ifike kabla ya Ijumaa. Gari la matangazo nalo ni zuri siku ya gulio, ila ombeni kibali, na anayeshika kipaza sauti awe mtu wa pale pale. Kichagga cha Machame si cha Rombo, na bibi akisikia lafudhi ya kwao anatua mkungu wake wa ndizi na kusikiliza.

Siku ya kambi, mtangazaji wenu mkuu ni yule aliyekaa meza ya kuandikisha. Mweke mtu mzima, mwenye subira, aliyevaa kizibao cha njano. Mazungumzo ya pale mezani nayajua kwa moyo:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni ya chama gani?"

"Si ya chama, bibi. Ni klabu ya watu wanaojitolea, tunafanya na zahanati."

"Kura hamtaki?"

"Hatutaki."

Ndiyo maana mwaka wa uchaguzi mkuu sisi huitoa kambi ya Oktoba na kuipeleka mwezi mwingine, ingawa Alhamisi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Kuona Duniani na ingetupa pa kushikilia kwenye habari. Afadhali kuikosa siku hiyo kuliko kupigwa picha karibu na bango la mgombea.

Kila anayepimwa aondoke na karatasi: alichoonekana nacho, dawa aliyopewa, tarehe ya kurudi, na chini yake jina la klabu na namba ya simu inayopokelewa. Karatasi hiyo inafungwa kwenye pindo la kitenge, inakaa miezi, halafu Desemba inatoka. Aliyeishi Kilimanjaro anajua Desemba ilivyo: magari ya Dar yamejaa barabarani, kila boma lina moshi, watoto wamerudi. Mtoto anamwona mama anapapasa kikombe, anauliza, anaonyeshwa karatasi. Simu zetu nyingi huingia kati ya Krismasi na mwaka mpya, za watu wanaotaka kumleta mzazi, na baadhi yao huuliza wanachangaje. Kwa hiyo simu isizimwe sikukuu, na tangazo la kambi ya Januari lisomwe kwenye ibada za Krismasi, makanisa yakiwa yamefurika.

Redio hupenda habari, haipendi shukrani. Msimpeleke rais wa klabu akasome ripoti. Mpelekeni nesi wa macho aeleze dalili za presha ya macho, apokee maswali ya wasikilizaji, na mtangazaji mwenyewe ndiye atakayewataja. Kuhusu bahasha kwa waandishi, msimamo wangu ni huu: kama chumba cha habari hakina usafiri, pangeni na mhariri mwandishi apande gari lenu, iwe wazi. Pesa ya mkononi hununua habari moja. Ukikosa pesa, na habari imekosekana.

Picha za kukabidhiana, watu saba wameshika boksi moja, ziacheni. Pigeni mkono wa daktari, kibao cha herufi, foleni kwa nyuma. Ukitaka uso, omba ruhusa na uandike. Kwa mtoto, zungumza na mzazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu si za kuchezea.

Kama mmejenga kitu, tuseme bomba la maji shuleni, andikeni juu yake jina, mwaka na namba ya kupiga likiharibika. Kisha mlitengeneze kweli. Bomba kavu lenye nembo yenu linawasema kila asubuhi watoto wakipita na ndoo.

Mwisho kuna daftari. Pale mezani ongezeni safu moja: "Umesikia wapi?" Kanisani, msikitini, gari, redio, jirani. Jioni hesabuni. Kwetu "jirani" imekuwa ikipanda kila kambi na gari la matangazo likishuka, kwa hiyo mafuta ya gari tumeyapunguza na fedha hiyo tunachapia karatasi zaidi. Wale wanaopiga simu kutaka kujiunga msiwakimbize kwenye fomu. Waiteni kwanza waje kambi inayofuata, wawapange wazee kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi. Atakayebaki mpaka viti vinapokusanywa, huyo mpeni fomu.