Fundo la kusogeza linateleza? Anzia kwenye kamba

Huku Kibirizi, Kigoma, mvua ikibisha hodi dagaa wakiwa bado chanjani, kinachookoa mtaji ni turubai. Kamba zake tunazifunga kwa fundo la kusogeza: ukilisukuma juu, mbali na kigingi, kamba inakaza, ukilishusha, inalegea. Shida ni pale upepo wa ziwani unapolishusha wenyewe.

Kwanza, ipapase kamba. Manila mpya ya plastiki ni ngumu na ina utelezi juu, haishiki vizuri. Iliyokwishatumika kidogo ni bora, mradi jua halijaila hadi ikaanza kupukutika. Yenye mafuta ya samaki ioshe kwa sabuni, maana hapo hata fundi atahangaika bure. Katani inashika vizuri sana, ila ikilowa inajikunja na kufupika, na asubuhi utakuta imeng'oa kigingi.

Pili, pitisha ncha nyuma ya kigingi uirudishe juu. Umepata kitanzi. Ukiwa ndani ya kitanzi hicho, zungusha ncha kwenye kamba iliyonyooka, ile inayotoka kwenye turubai, mara mbili, kila mzunguko ukishuka kuelekea kigingi. Kisha toa ncha nje, upande wa turubai, izungushe mara moja tena kwenye kamba ileile na uipitishe chini ya mzunguko wake. Bakiza mkia wa shubiri moja; mkia mfupi huchomoka.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanaporuka: panga mizunguko ilale bega kwa bega, isipandane. Vuta mkia mpaka fundo lishike, ndipo ulisukume kukaza turubai. Fundo lililoachwa na nafasi ndani litateleza tu, hata kamba iwe nzuri namna gani.

Bado linashuka? Ongeza mzunguko wa tatu ndani ya kitanzi, hata wa nne kwa manila mpya. Usiongeze nje. Mizunguko ya ndani ndiyo inayoipinda kamba inapovutwa, na pindo hilo ndilo breki. Usiku wa upepo mkali mimi hupiga pia fundo la kawaida kwenye kamba iliyonyooka, chini kidogo ya fundo la kusogeza, liwe kizuizi.

Mtumbwi usiufunge hivi ukaenda kulala. Mawimbi huvuta na kuachia usiku kucha, na fundo hili hushika likiwa linavutwa tu.