Kushuti ugomvi wa mke na mume: kutoka skripti hadi uhariri

Nimetoka kumsaidia mwongozaji chipukizi mwenye filamu ya mke na mume, chumba kimoja, maneno mwanzo mwisho. Mpangilio tulioufuata ni huu.

1. Tafuta cha kugombania. Kiwe kidogo. Wanandoa hawakai kitako kutangaziana kwamba ndoa imekufa; wanagombania nani aliacha taa inawaka. Lile kubwa, mathalani mmoja ameshapata kazi mji mwingine na hajasema, lijue wewe na waigizaji. Kwenye skripti lichelewe. Likiweza kubaki bila kutajwa kabisa, bora zaidi.

2. Andika. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika 1, ila majibizano ya mstari mmojammoja hukimbia zaidi. Futa mabano ya "kwa hasira" na "kwa huzuni". Mpe mtu kazi ya mikono: mume anakunja nguo, anaulizwa alikuwa wapi, naye anaendelea kutafuta soksi iliyopotea. Ameshajibu.

3. Someni kwa sauti. Mstari unaomkwamisha mwigizaji kila mara, ukate.

4. Kukatizana maneno. Hapa ndipo filamu za namna hii huharibikia. Wagombanao hawasubiriani, na kwenye shoti pana waache waparamiane, maana wote wanaonekana. Balaa liko kwenye shoti za karibu. Kamera iko kwa mke; mume, nje ya fremu, anamdakiza, na sauti yake inaingia kwa mbali kwenye maiki ya mke. Mhariri akitaka kuoanisha rudio zuri la mke (rudio ni kila mara mnayorudia kupiga kipande kilekile) na rudio jingine la mume, hawezi, maneno yameshagandana. Kwa hiyo kwenye shoti ya karibu kila mmoja amalize, ipite pumzi fupi, ndipo mwenzake aingie. Huko kukatizana utakuunda wewe baadaye kwenye uhariri.

Waigizaji watalalamika kwamba moto unapoa, na ni kweli. Piga shoti pana kwanza ili kasi iwaingie mwilini. Aliye nje ya fremu aigize kwa nguvu zilezile, asisome tu. Na usiandike sentensi inayoishia kwenye nukta tatu! Ukiandika "Mimi sijawahi...", mwigizaji atasimama mwenyewe kabla hajakatizwa, na uso utamsuta. Andika "Mimi sijawahi kukuuliza mshahara wako unaenda wapi", aiseme yote, mkasi ushike wewe.

Ukiwa na kamera mbili zinazowachukua kwa pamoja na kila mmoja ana maiki yake, unaweza kulegeza sharti hili. Ila taa inayompendeza mmoja humharibu mwingine, hivyo chumba kikiwa kidogo mimi nabaki na kamera moja. Maiki nayo napenda ya kuning'iniza juu ya vichwa; ya kifuani hukwaruzwa na nguo kila mtu akijigeuza.

Kabla hamjafungasha, wote kimya, rekodi angalau sekunde 30 za sauti ya chumba chenyewe, za kujazia mapengo. Bila hizo, kila pengo utakaloacha kati ya maneno litasikika kama shimo.

5. Kamera ibaki upande mmoja wa mstari wa kufikirika unaowaunganisha waigizaji wawili, ndani ya nyuzi 180, yaani nusu duara. Ukivuka, vuka kwa makusudi, pale siri inapotoka.

6. Hariri. Kaa zaidi kwenye uso wa anayesikiliza. Sauti ya msemaji itangulie picha yake. Muziki usiweke.